Nafasi Moja kwa Kila Namba

Newala, Jumamosi, saa kumi jioni

Mwanangu Somoe,

Sikuulizi hali, kwa sababu hali yako naisikia. Uko chumba cha pili unabishana na zipu ya begi, na kila baada ya muda unatoa kitu ulichokwisha kukipanga, unakipanga upya. Nimekuita mara mbili uje kunywa chai, na mara zote mbili umejibu "nakuja" kwa sauti ile ya mtu asiyekuja. Basi nimeamua kushika kalamu.

Mambo ya safari sitayaandika. Baba yako ameshakueleza mara nne habari za basi la asubuhi, kiti cha upande usio na jua, na mahali pa kushuka mnyooshe miguu mkifika Nanganga. Shangazi yako ameleta korosho za kukaanga za kutosha abiria wote. Mimi nina jambo moja tu, na limenikaa kifuani miaka minne. Jana nilikuja mlangoni kwako kulisema, nikajikuta nakuuliza kama una sindano na uzi. Leo asubuhi nimejaribu tena kwa njia nyingine, nikashindwa kwa aibu kubwa zaidi. Hiyo nitakueleza huko mbele.

Unakwenda Dar es Salaam kufanya kazi na watu wanaotengeneza michezo ya kompyuta ya kufundishia watoto hesabu. Wamekuchukua kwa ajili ya injini uliyoiandika, ile sehemu ya programu inayouendesha mchezo bila yenyewe kujua mchezo unahusu nini. Wageni wakikuuliza ulijifunzia wapi, unasema "nyumbani." Nimekusikia ukisema hivyo mara tatu sasa, na kila mara mimi hujitia kazi nyingine. Ni kweli ulijifunzia nyumbani. Lakini huyo aliyekuwa mwalimu wako alikuzuia kuliko alivyokusaidia, na nataka uisikie habari hiyo kutoka kwangu, hata zile sehemu unazozijua.

Ile mashine unaikumbuka. Ilikuja wakati ruksa ya biashara imekolea, vitu vinaingia kutoka kila upande, mitumba imejaa kila gulio, na wanunuzi binafsi wa korosho wanapishana na malori yao barabara ya Tandahimba. Mmoja wao alikwenda Dubai akarudi na majokofu, redio, na kitu kinachofanana na taipureta isiyo na mahali pa kuweka karatasi. Majokofu na redio vilipata wenyewe. Ile taipureta ikakosa mtu. Mwishowe akaitoa kwa shule yetu pamoja na televisheni ndogo ya kuiunganishia, na Mwalimu Chitanda, mwalimu mkuu, akanikabidhi ufunguo wa chumba chake kwa kuwa mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu na nilishawahi kuhudhuria kozi ya kompyuta ya wiki mbili. Wiki mbili, Somoe. Na wiki ya kwanza mkufunzi aliumwa.

Wewe ulikuwa kidato cha pili, una miaka kumi na mitano. Mimi nilitaka tuandike programu ya kupanga alama za mitihani. Ukasema alama za mitihani hazimfurahishi mtu yeyote, hata aliyefaulu. Ulitaka mchezo. Tukabishana wiki nzima, ukashinda wewe, tukaanza mchezo wa kuteka maji. Mwaka ule pampu za mji zilikuwa zimekufa tena, na wewe na wenzako mlikuwa mnateremka na ndoo mpaka bondeni na kupanda nazo kichwani, kwa hiyo ile njia mliijua kwa nyayo. Msichana anateremka, anateka, anapanda. Njiani kuna mawe, miiba na nyuki, na kuna wateka maji wengine ishirini, kila mmoja na ndoo yake. Ukimgonga mwenzako, maji yanamwagika.

Ramani niliigawa miraba, sitini kwa arobaini, na ndani ya kila mraba nikaandika neno. Njia. Jiwe. Mkorosho. Mwiba. Nilipendezwa sana na kazi yangu. Nilikuwa naisoma programu naiona Newala.

Baada ya siku mbili ukaja na daftari lako la miraba.

"Mama, neno mkorosho lina herufi nane. Kila herufi inakula nafasi moja kwenye kumbukumbu ya mashine. Juu ya hapo mashine inaweka nafasi nyingine tatu, za kukumbuka neno lenyewe liko wapi. Nafasi kumi na moja kwa mkorosho mmoja, na mikorosho tunayo zaidi ya mia tano."

"Kwa hiyo unataka tukate mikorosho?"

"Nataka tuuite mbili. Njia ni sifuri, jiwe ni moja, mkorosho ni mbili."

Nikasema haya, kama ni namba tu, tutaweka namba. Ukatikisa kichwa. Ukaniambia hata namba ya kawaida mashine inaipa nafasi tano, kwa sababu haijui kama tutaandika tatu au tutaandika mamilioni yenye desimali, basi inajiandaa kwa lolote.

"Kwenye ramani yetu hakuna namba inayofika hata kumi," ukasema. "Nafasi tano za nini? Nafasi moja tu inabeba mpaka mia mbili hamsini na tano. Tuziweke wenyewe kwenye kumbukumbu, moja baada ya moja, mstari mmoja mrefu. Mashine inapita juu yake tu, haiulizi kitu."

Na wale wateka maji ishirini ulitaka kuwapanga vivyo hivyo: safu moja ya mahali walipo, safu moja ya maji yaliyomo ndooni, safu moja ya upande wanakoelekea, na mtu wa kwanza awe namba ya kwanza katika kila safu. Kama daftari la mahudhurio, ukasema. Daftari la mahudhurio, kitu ninachokijaza kila asubuhi ya Mungu.

Baba yako alikuwa kibarazani anachonga mpini wa jembe, anatusikiliza. Akauliza, "Mnataka kusema kila korosho moja mmeipa gunia lake?"

"Ndiyo, Baba," ukasema. "Mama ndivyo alivyofanya."

"Sasa gari la kubeba magunia yote hayo mtalipata wapi?"

Mlicheka nyote wawili. Mimi sikucheka. Nilikuambia kwamba programu lazima isomeke na binadamu. Nilikuambia mashine hiyo si ya kuchezea, ukiandika namba mahali pasipotakiwa utaiua. Nilikuambia mambo mengi, na mengine yalikuwa ya kweli. Lakini sababu yenyewe, Somoe, ni kwamba sikukuelewa. Kile kitabu cha Kiingereza kilichokuja na mashine, chenye jalada lililong'oka, wewe ulikisoma mpaka ukakimaliza. Mimi nilikifungua mara moja nikakifunga. Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka kumi na miwili, na binti yangu amesimama mbele yangu na jambo la hesabu nisilolielewa. Badala ya kusema "rudia, nenda taratibu," nikasema, "Hapa mwalimu ni mimi."

Ukafunga daftari. Ukasema, "Haya, Mama."

Hujui jinsi hiyo "haya, Mama" yako inavyoniudhi. Mtoto mwingine angenuna, angepiga mlango, nikapata pa kumkemea. Wewe unakubali kwa adabu, na mtu anabaki amesimama na ushindi wake hajui auweke wapi.

Sasa tufike siku ya wageni. Ilikuwa Alhamisi mchana, jenereta ya shule inanguruma nyuma ya jiko. Afisa elimu alikuwa amekuja na wenzake wawili kuangalia kama shule yetu inafaa kupewa mashine nyingine, lianzishwe darasa kabisa. Isipofaa, hata hii moja ingechukuliwa ipelekwe Mtwara. Mwalimu Chitanda alinipitia asubuhi akaniambia, "Mama Somoe, leo tunakutegemea," na alikuwa amevaa tai.

Wewe ulikuwa umekaa kando yangu, kazi yako kubonyeza vitufe. Msichana akateremka vizuri. Akateka. Wageni wakatabasamu, mmoja akauliza kama kuna njia ya Mkunya humo ndani, ukamwonyesha. Msichana akaanza kupanda, na wale wengine ishirini wanapita, na maneno yangu yote yanaandikwa na kufutwa na kuandikwa tena. Katikati ya mlima akasimama. Wote wakasimama. Kioo kikaganda.

Ulininong'oneza. Nakumbuka maneno yako yalivyokuwa, yote: "Mama, subiri. Inafagia maneno ya zamani ipate nafasi. Itarudi yenyewe."

Sikusubiri. Nilisikia kiti cha afisa kinalia nyuma yangu, nikamsikia Mwalimu Chitanda anasafisha koo, na mimi nikanyoosha mkono nikachomoa waya ukutani. Programu nzima ikapotea. Kuisoma tena kutoka kwenye kaseti tulikoihifadhi ni zaidi ya nusu saa, na wageni walikuwa na safari.

"Vipi, mwalimu?" akauliza Mwalimu Chitanda.

Nikasema, "Mtoto ameigusagusa."

Sikupanga kusema hivyo. Ilitoka yenyewe, kama mtu anavyoinua mkono kujikinga. Afisa elimu akacheka, akasema watoto na mashine, ndivyo walivyo. Wewe uliniangalia. Ulikuwa bado umeweka vidole juu ya vitufe. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja tu, ingetosha, na nikaanza kukunja waya.

Jumatatu yake mashine ikapakiwa kwenye gari la Mtwara. Mwalimu Chitanda aliona ameaibishwa, na mtu aliyeaibishwa hutafuta wa kumpa mzigo. Akakutoa mbele ya wanafunzi wote mstarini asubuhi, akakuambia uombe radhi. Mimi nilikuwa nimesimama pamoja na walimu wengine, hatua kumi hivi kutoka kwako. Soksi yako moja ilikuwa imeshuka. Ukasema, "Naomba radhi kwa kuharibu kompyuta ya shule." Ulisema kwa sauti inayosikika mpaka nyuma, kama nilivyokufundisha.

Niliingia darasani kipindi cha kwanza nikafundisha milinganyo. Nilifundisha vizuri sana siku ile, hilo ndilo linalonikasirisha zaidi.

Jioni baba yako aliuliza shuleni kumetokea nini, maana watu walishamwambia njiani. Nikamwambia mashine ilikuwa mbovu na Mwalimu Chitanda ana hasira. Nusu ya kweli. Wewe ulikuwa unachambua mchicha, ukaendelea kuchambua.

Nilisubiri unilaumu. Nilijiandaa kabisa, nilikuwa na majibu. Wiki ikapita, mwezi, ukafanya mtihani wa kidato cha pili, cha tatu kikaisha, cha nne kikaisha. Shikamoo Mama, marahaba, ugali, mboga, usiku mwema. Hukuzungumza tena nami habari za kompyuta. Nikajiambia umesahau. Kisha nikajiambia ulikuwa utoto tu, umepita. Mtu akitaka kujidanganya hakosi la kujiambia.

Ulipomaliza shule ukaenda Masasi kwa shangazi yako, ukapata kazi ya kuchapa barua kwenye duka la Mzee Nestory. Mwaka jana nilipokuja kukuletea unga, wewe ulikuwa umetoka kupeleka barua za watu, akanipokea yeye. Akaniweka kwenye kiti, akanipa soda, akasema, "Mama Somoe, mwanao kuna kitu amekiweka kwenye kompyuta yangu. Wateja wanakuja kuchapa barua hawaondoki."

Akanionyesha. Msichana na ndoo. Bonde letu, mteremko wetu, kona ile ya mawe mekundu. Sasa wateka maji walikuwa mia tatu, si ishirini, na hakuna aliyekwama hata mara moja. Walikuwa wanapita kama watu wanaotoka gulioni. Kisha Mzee Nestory akabonyeza kitu kingine, na ghafla si bonde tena, ni soko, na watu walewale mia tatu wanabeba vikapu. Akaniambia ulibadilisha safu za namba tu na picha, lakini kinachowaendesha ni kilekile. "Anaiita injini," akasema, "mimi sielewi, ila haijawahi kuniangusha."

Ulirudi ukanikuta nimeinama mbele ya kioo. Hukushtuka. Nikakuuliza, kama mwalimu anayekagua, "Ramani nzima inakula nafasi kiasi gani?"

"Kidogo kuliko ile barua ya kuomba kazi ya mteja wa asubuhi, hata ukihesabu na mipaka ya ramani."

"Na hii uliiandika lini?"

"Niliiandika kwenye daftari, kidato cha pili mpaka cha nne. Hapa nilinakili tu."

Miaka yote ile, Somoe. Ukiwa chumba kilekile ulimo sasa, kwa penseli, safu baada ya safu, bila mashine ya kujaribia. Nikakuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Ukafikiri kwanza. Hukusema kwa hasira, ulikuwa unatafuta jibu la kweli. "Ungeniambia nini, Mama?"

Nilikunywa soda yangu. Kisha nikakaa kuucheza mchezo nikitafuta kosa, ndivyo nilivyo. Nikalipata. Nilikaa pale mtoni nikijaza ndoo bila kuondoka, ikajaa, ikajaa, halafu ghafla ikawa tupu. Ukaja mbio kuangalia. Ukajipiga paji la uso. Nafasi moja inabeba mpaka mia mbili hamsini na tano, ulinifundisha mwenyewe, na tone la mia mbili hamsini na sita liliirudisha kwenye sifuri. Ulikasirika kweli. Ulisema hakuna mtu mwenye akili atakayekaa mtoni muda wote huo. Nikakuambia mama yako amekaa.

Hiyo ndiyo saa niliyofurahi nawe kuliko zote katika miaka minne, tukibishana pale mpaka Mzee Nestory akataka kufunga duka. Nilikwambia kila kitu ukipe nafasi inayokitosha, sawa, lakini ujue kwanza kinaweza kukua mpaka wapi. Ukasema utaipa ndoo nafasi mbili, ramani itabaki na moja. Hukusema nimeshinda, na mimi sikudai.

Na kwa kuwa nimefika hapo, acha nikuudhi kidogo. Siku ileile nilimwuliza Mzee Nestory namba saba kwenye ramani ni kitu gani, hakujua. Nikakuuliza wewe, ukasema, "Ni nyuki, nazijua zote kichwani." Kichwani. Sasa kichwa kinaondoka kesho na basi, na yule mzee atabaki na bahari ya tarakimu. Nilipokuambia zamani kwamba programu isomeke na binadamu, nilikuwa nasema ili nijifiche, lakini jambo lenyewe halikuwa baya. Andika ukurasa mmoja, useme moja ni nini na saba ni nini. Huko unakokwenda kutakuwa na mtu atakayekaa kwenye kiti chako siku unaumwa, na huenda akawa kama mimi, mtu anayeona haya kuuliza. Huyo ukimwona anapinga jambo lako kwa sauti kubwa, usifunge daftari ukasema haya. Mrudie. Mwambie taratibu, mara ya pili na ya tatu. Sisemi kosa lilikuwa lako. Nasema tu mimi nilikuwa nasubiri unirudie, na nilistahili kungoja bure.

Sasa ya leo asubuhi. Niliamka nikasema leo namaliza. Nikachukua baiskeli ya baba yako nikaenda Mkunya, kwa Mwalimu Chitanda, ambaye amestaafu analima korosho zake. Nilimkuta uani anageuza makopa ya muhogo juani. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akauliza habari za safari yako. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ile kompyuta.

"Kompyuta ipi?"

"Ile ya shule, mwalimu. Siku alipokuja afisa elimu."

Akafikiri. "Siku ile tuliyochinja mbuzi?"

"Ndiyo."

"Alikuwa mbuzi mzuri. Kulikuwa na kompyuta?"

Nikamweleza. Nikamweleza yote, nimesimama juani na kofia yangu mkononi: maneno, namba, waya niliouchomoa, uongo niliousema. Alisikiliza kwa adabu kabisa, mkono bado uko kwenye makopa. Nilipomaliza akasema, "Sasa, Mama Somoe, mtoto ameshakua, kazi ameshapata. Hayo si yamekwisha?"

"Hayajakwisha. Ulimsimamisha mstarini kwa kosa langu."

"Mimi nimesimamisha watoto wengi mstarini," akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayehesabu misimu ya mvua. Akanikaribisha uji.

Nilirudi nimekasirika mpaka nikapita njia isiyo yangu. Miaka minne nimebeba kitu, nimekipeleka kwa mtu niliyemwogopa, na yeye hakijui hata kwa sura. Anakumbuka mbuzi. Nikafikiri, basi duniani humu ni watu wawili tu wanaoikumbuka siku ile, mimi na wewe, na mmoja kati ya hao wawili ndiye niliyepaswa kwenda kwake tangu mwanzo, hatua nane kutoka kitandani kwangu.

Nikafika nikakukuta uani unaanua nguo. Ukaniuliza, "Umetoka wapi na jua hili, Mama?"

Nafasi ilikuwa ndiyo hiyo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimetoka kuyasema muda si mrefu. Nikasema, "Mkunya, kutafuta muhogo."

"Muhogo wenyewe uko wapi?"

"Haukuwa mzuri."

Uliniangalia kama unavyoiangalia programu yenye kosa ambalo bado hujalipata. Kisha ukaendelea na nguo. Nami nikaingia ndani nikiwa na uongo wa pili juu ya ule wa kwanza, siku moja kabla hujaondoka, mwanamke mzima, mwalimu. Ningeweza kujizaba kibao.

Nimeisoma barua hii tangu juu. Imejaa maelezo kama ile ramani yangu. Wewe ungeiandika kwa mstari mmoja, na mstari wenyewe ni huu: hukuigusa ile mashine, uliniambia nisubiri, nikachomoa waya, nikakusingizia, na nikakuacha uombe radhi mbele ya shule nzima kwa kosa langu.

Nilikusudia kukupa karatasi hizi kesho kupitia dirisha la basi. Sasa naona huko nako ni kukimbia. Utazisoma mkifika Lindi, uso wako sitauona, na mimi nitakuwa huku salama na chai yangu. Baba yako amerudi kutoka shamba, nakusikia unamwekea maji ya kunawa. Nitamwomba naye akae, maana naye nilimpa nusu tu, na kama atataka kunisema mbele yako, anayo haki.

Naweka kalamu. Naja kulisema kwa mdomo. Nikimaliza ndipo nitakupa barua, uilinganishe na utakayoyasikia, uone kama kuna mahali nimepunguza.

Mama yako